Uzoefu wangu: operesheni ya kupunguza uzito kwa bima ya serikali, Ontario, Kanada

Assalaam aleikum na habari zenu wote. Tangu nipungue naulizwa kila mahali, msikitini, kazini, mpaka ndugu zangu wa Tanga wananipigia usiku wa manane kwao, umelipa shilingi ngapi? Operesheni yenyewe sijalipa hata senti moja. Daktari mpasuaji, dawa ya usingizi, kitanda cha hospitali, vipimo, vyote vimelipwa na OHIP ambayo ndo bima ya afya ya jimbo la Ontario. Lakini njia ya kufika pale, na maisha baada ya pale, kuna vitu vingi unalipa mwenyewe na kila hatua uifuatilie mwenyewe, ndo maana nimeamua niandike yote kama yalivyotokea.

Mi naishi mji mdogo, mwendo wa saa moja na nusu kutoka Toronto, nafanya kazi ya kuhudumia wazee, zaidi shifti za usiku. Mwaka 2022 nilikuwa na kilo 112 na urefu wangu ni mita 1.62, ukipiga hesabu BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, inakuja 42 na ushee. Sukari ninayo, presha ninayo, na usiku mume wangu alikuwa ananiamsha maana nakoroma halafu pumzi inakatika kabisa, anasema anahesabu mpaka kumi ndo navuta tena. Magoti ndo usiseme. Kazi yetu ni ya kunyanyua watu, ilifika mahali mzee ninayemnyanyua ananiuliza binti yangu uko salama?

Sharti la kwanza mjue. Hapa Ontario ili ulipiwe lazima uwe na miaka 18 kwenda juu, na BMI iwe 40 au zaidi, au ianzie 35 ila uwe na ugonjwa unaoletwa au kuzidishwa na unene kama kisukari, presha au huko kukatika pumzi usingizini. Sigara hawataki. Na huwezi kujipeleka mwenyewe hospitali ukasema nataka kupasuliwa, lazima daktari wako wa familia au nesi mwenye mamlaka ya kutibu aandike rufaa kwenda Ontario Bariatric Network, huo ndo mtandao wa jimbo unaopokea rufaa zote na kuzigawa kwenye vituo. Kwa hiyo kama huna daktari wa familia, na najua wenzetu wengi hawana, anza na hilo kabla ya lingine lolote. Na haya nayosema ni ya Ontario. Kanada kila jimbo lina bima yake na masharti yake, Quebec wana RAMQ, British Columbia wana MSP, ndugu yako wa Edmonton, jimbo la Alberta, akikwambia kwetu iko hivi anasema kweli ila ni ya kwao.

Sasa nije kwenye kilichoniuma. Mwezi wa tatu 2022 nilimwambia daktari wangu, akakubali palepale, akanipima, akasema rufaa inaenda leo kwa faksi, ndiyo, faksi, huku hospitali mpaka leo wanatumia faksi. Nikatulia. Mwezi wa nne kimya, wa tano kimya, nikajipa moyo kwamba foleni ni ndefu maana kila mtu anasema foleni ni ndefu. Mwezi wa saba nikapiga simu kuuliza niko wa ngapi, yule dada akatafuta jina langu, akatafuta na tarehe ya kuzaliwa, akasema huku hatuna kitu chako. Nikarudi kwa daktari, kumbe ile karatasi imekaa kwenye faili langu miezi minne haijawahi kutumwa. Jamani nililia kwenye gari. Miezi minne ya foleni nimeipoteza bila hata kuwa kwenye foleni. Hakuna aliyefanya kusudi najua, ila mi ndo niliyeumia. Siku ile nikagoma kuondoka, nikasimama pale mapokezi mpaka mashine ikatoa kile kikaratasi kinachosema imepokelewa, nikaomba nakala, ninayo mpaka leo kwenye faili langu la bluu.

Baada ya hapo mambo yakaenda, polepole lakini yakaenda. Mwezi wa kumi na moja nikaitwa kwenye semina ya utangulizi, ilikuwa kwa video, wanakueleza aina za operesheni, hatari zake, na kwamba hii ni kifaa cha kukusaidia, kazi unafanya wewe. Mwaka 2023 karibu wote ukawa wa miadi. Nesi, mtaalamu wa lishe, afisa ustawi wa jamii, daktari wa magonjwa ya ndani, vipimo vya damu chupa nane kwa mkupuo, kamera ya kuangalia tumbo kwa ndani, na kipimo cha usingizi ambapo unalala kwao umebandikwa waya kichwa kizima. Pale wakakuta napoteza pumzi kweli, nikaambiwa nitumie mashine ya CPAP, ile inayokusukumia hewa ukiwa umelala, kabla ya kupasuliwa. Mashine hiyo serikali ya jimbo inalipia asilimia 75 kwa mpango wao wa vifaa, asilimia 25 yangu ikalipwa na bima ya kazini. Kama huna bima ya kazini hiyo inatoka mfukoni.

Miadi ya ustawi wa jamii niliiogopa kuliko zote, nilidhani wanatafuta sababu ya kunikataa. Haikuwa hivyo. Yule mama aliniuliza unakula nini ukitoka shifti, nani yuko nyumbani saa hiyo, ulianza lini kunenepa. Nikajikuta namwambia habari ya msiba wa baba, kwamba nilikuwa huku sikuweza kwenda kumzika, na kwamba kuanzia mwaka ule nikirudi alfajiri nyumba imelala nakaa jikoni peke yangu nakula mpaka jua linatoka. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu. Akanipangia vikao vinne vya ushauri kabla hajasaini, na navyo sikulipa. Nawaambia ukweli kama kuna kitu kilichonisaidia kuliko kisu ni vile vikao. Msifiche vitu pale, hawapo kukuhukumu. Na kama Kiingereza kinakupa shida omba mkalimani, hospitali inatafuta, usimbebeshe mtoto wako mambo hayo.

Mpasuaji akanieleza kuna slivu, wanakata sehemu kubwa ya tumbo linabaki kama ndizi, na kuna baipasi, wanatengeneza kijifuko kidogo kama yai halafu wanakiunga moja kwa moja na utumbo. Mi nilitaka slivu kwa sababu inaonekana nyepesi, yeye akasema una kisukari na kiungulia kikali, slivu inaweza kukuzidishia kiungulia, baipasi ndo yako. Zote mbili OHIP inalipa kama daktari ameona inafaa. Ile ya kufunga mpira tumboni na ile ya puto hawalipi.

Mama yangu huko Tanga sasa. Nilipomwambia akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekata. "Mwanangu, unakwenda kupasuliwa na wewe huumwi? Mwili kama huu ndo tulionao mimi na bibi yako." Nikamwambia mama naumwa, sukari inanila miguu, shangazi tulimzika bila mguu. Akasema basi nitakusomea dua. Na alisoma, wiki nzima.

Wiki tatu kabla ya operesheni unaingia kwenye Optifast. Ni unga wa kukoroga na maji, pakiti nne kwa siku, kalori 900 basi, lengo ni kupunguza mafuta ya ini ili mpasuaji apate nafasi ya kufanya kazi. Hii OHIP hailipi. Mi ilinitoka karibu dola 300. Siku tatu za mwanzo kichwa kinauma, mikono inatetemeka, nyumbani wanapika pilau na mi nimeshika chupa ya vanila, nikawa nalia na mume wangu akawa anakula nje kwenye baridi ili harufu isinifikie, Mungu amlipe. Halafu ya nne ikapita, ya tano ikapita. WENYE KISUKARI nawaomba sana, piga simu kwa timu kabla ya kuanza maana dozi za dawa lazima zipunguzwe, ukinywa dawa zilezile na kalori 900 sukari itashuka ghafla ukaanguka.

Nikapasuliwa mwezi wa pili 2024, matundu matano madogo, nikalala siku mbili. Kitu ninachokumbuka mno ni kile kikombe. Vile vikombe vya plastiki vya kupimia dawa, mililita 30, nesi anakijaza maji anakuwekea mezani na saa, anasema hiki unywe kidogokidogo kwa dakika kumi na tano, kikiisha nakupa kingine. Maji ya kikombe kile nilihisi yakipita tone moja moja kifuani. Mtu niliyekuwa namaliza chupa ya soda nimesimama.

Kazini sikwenda wiki sita. Malipo ya ugonjwa ya EI, bima ya ajira ya serikali, yanalipa asilimia 55 ya mshahara wako mpaka kiwango chao cha juu, ombeni mapema na fomu ya daktari muwe nayo. Hilo la kukosa karibu nusu ya mshahara watu hawalihesabu kabisa wanaposema ni bure. Hesabu na mafuta ya gari, na maegesho ya hospitali, kuna siku nimelipa dola 20 kwa miadi ya nusu saa. Wanaoishi kaskazini mwa Ontario kuna ruzuku ya safari ya matibabu, ulizeni, wengi hawajui.

Ramadhani ikaanza mwezi wa tatu, wiki ya tano baada ya kupasuliwa. Nilikuwa nimeshauliza mapema, mtaalamu wa lishe alikuwa hajui vizuri mambo ya funga akaniuliza nimweleze, nikamweleza, akarudi na jibu la timu nzima kwamba mwaka huu hapana. Unatakiwa kunywa maji lita moja na nusu na zaidi kwa siku, na kwa kijifuko kile unayanywa kwa vijitone kutwa nzima, huwezi kuyasubirisha mpaka magharibi. Nilikubali ila roho iliniuma. Nilikuwa nakaa na wenzangu wakati wa futari, wao na mihogo na tambi na kaimati, mi na vijiko vitano vya uji wa dengu uliosagwa, na wakati mwingine cha nne kinagoma. Siku zangu nimezilipa mwaka uliofuata, kipindi cha baridi mchana mfupi, baada ya daktari kuniruhusu.

Vitamini ni maisha yote, si mwezi si mwaka. Mi nakunywa maltivitamini, kalsiamu, B12, chuma na vitamini D, inanigharimu kama dola 60 kwa mwezi na OHIP hailipi. Waislamu angalieni vidonge vya jelatini, mfamasia alinitafutia vya kutafuna visivyo nayo. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni marufuku kabisa baada ya baipasi, zinaweza kuleta kidonda pale kijifuko kilipoungwa na utumbo, na mi kwa miaka nilikuwa nameza kila nikitoka shifti. Wanawake mnaotafuta mtoto mnaambiwa msubiri mwaka na nusu mpaka miwili. Nywele zangu zilinyonyoka mwezi wa nne, zikarudi. Sukari nyingi usijaribu, nilikula kaimati mbili za shira siku ya Idi, moyo ukaenda mbio, jasho, tumbo likavuruga, nikalala sakafuni bafuni kwa muda wa saa mbili. Ngozi ya tumbo imelegea, kuiondoa kwa ajili ya uzuri ni pesa yako.

Leo niko kilo 78. Metformini, dawa yangu ya kisukari, nimeachishwa, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kimetoka asilimia 8.4 mpaka 5.8, CPAP nimeirudisha kabatini baada ya kupimwa tena. Mfanyakazi mwenzangu alikwenda Tijuana, Mexico, kwa pesa yake, amepungua na yuko mzima, simsemi vibaya. Ila mi nilitaka watu wa kunifuatilia, na hapa wanakuangalia miaka mitano kwa bima hiyohiyo, damu, lishe, ushauri. Kwangu kile ndo kilichostahili kusubiriwa. Kama nikiulizwa nyota, huduma ya timu natoa tano. Muda na gharama za pembeni natoa tatu.

Mwezi uliopita kuna mama mmoja wa Bukavu, jirani yangu, kilo zake na sukari yake kama zangu za zamani, aliniomba nimsindikize kwa daktari wake. Daktari akasema rufaa itatumwa. Nikamwambia dada tukae. Tulikaa pale dakika arobaini, mpaka binti wa mapokezi akatuletea kikaratasi, nikamwonyesha pa kusoma, neno lile la kupokelewa, akakikunja akakitia kwenye Biblia yake.