Farenhaiti kwenda Selsiasi: hesabu ya kichwani au kanuni kamili?

Dada yangu yuko Marekani. Akiniambia nje ni nyuzijoto 50, natoa 30, nagawa kwa 2, napata 10 za Selsiasi. Hapo hesabu ya kichwani inalingana kabisa na kanuni. Kwenye 86 inatoa 28 badala ya 30. Kwa kuchagua koti au shati, inatosha.

Homa ya mtoto ni jambo jingine. Kipimajoto kikisoma 102, njia ya mkato inakupa 36, kana kwamba mtoto hana neno. Kanuni kamili: toa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9. Inabaki 70, inakuwa 350, unapata 38.9. Hiyo ni homa kweli! Usiku kama huo, tafadhali, shika kalamu na karatasi.