Ukaguzi wa zimamoto kwenye jengo la maduka Kariakoo: uzoefu wangu

Ukisikia wakaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wanakuja, usikimbilie kununua mitungi ya kuzimia moto. Panda ngazi mpaka juu, zima taa, halafu shuka. Kila utakapojikwaa, hapo ndipo mkaguzi ataandika.

Jengo ninalosimamia ni la ghorofa nne: chini maduka ya vitenge na mabegi, juu ofisi na stoo. Ukaguzi wenyewe, kwangu, una thamani ya ada yake. Makaratasi hayasumbui sana: unaandikishwa, unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa benki au kwa simu, unabaki na stakabadhi. Ada hutegemea aina na ukubwa wa jengo. Pesa taslimu mkononi mwa mtu si malipo. Na usichanganye na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Hao wana sheria yao ya 2003 na cheti chao, zimamoto wana yao ya 2007. Kuwa na kimoja hakukuondolei kingine.

Mkaguzi anayeijua kazi huanza na milango. Mlango wa dharura ufunguke kuelekea nje, kwa mkono mmoja, bila ufunguo. Geti la nondo lenye kufuli ndilo kosa kubwa la mtaa huu: mwizi tumemzuia, na sisi tumejifungia ndani. La pili ni mizigo kwenye ngazi. Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 10, 2021, kwa hiyo hakuna mpangaji anayeuliza ukaguzi ni wa nini. Wanauliza tu utaisha saa ngapi, wayarudishe maboksi palepale.

Sasa mitungi. Wa unga una geji: mshale uwe kwenye kijani, kipini na sili viwepo, bomba lisiwe na nyufa. Lakini mshale wa kijani hausemi kila kitu. Unga ukikaa muda mrefu bila kuguswa, hasa ukiingiwa na unyevu, hushikamana chini kama saruji iliyolowa. Ukibonyeza inatoka hewa, unga unabaki. Ugeuze juu chini na usikilize kama unga unateleza. Kagua pia kitako. Kwa hewa yetu ya chumvi, mtungi uliosimamishwa sakafuni huoza chini huku juu rangi inang'aa. Utundike ukutani.

Wa gesi ya ukaa, ule wenye mdomo mpana mweusi, hauna geji. Njia ni mizani tu. Uzito wake umegongwa kwenye chuma. Mtungi wa kilo 5 ukipungua zaidi ya nusu kilo, urudishwe kujazwa. Huu ndio wa kuweka karibu na mein swichi, maana hauachi unga kwenye vifaa. Usiushike ule mdomo wakati wa kupuliza, baridi yake inaunguza ngozi.

Malalamiko yangu makubwa yako kwa fundi mmoja wa kujaza mitungi, simtaji. Alibandika stika mpya ya tarehe bila kufungua chochote. Dawa yake ni rangi ya kucha: kabla ya kumpa mtungi, chora mstari unaovuka kutoka shingoni hadi kwenye kichwa cha vali. Ukirudi na mstari haujakatika, hakuna aliyeufungua. Pima uzito ukienda na ukirudi.

Mpira wa maji wa ukutani ndio uliotuangusha. Simtanki lipo juu ya paa, na watu hudhani kimo kinatosha. Kila mita moja ya kimo hutoa kama sehemu moja ya kumi ya bar, kipimo cha msukumo wa maji. Kwa hiyo ghorofa ya juu kabisa, tanki likiwa mita tatu tu juu ya bomba, unapata bar 0.3: maji ya kumwagilia maua. Inahitajika pampu ya kuongeza msukumo. Tukafunga pampu, fundi umeme akaichukulia umeme kwenye laini ya taa za ngazi. Mkaguzi akashusha mein swichi, kama ambavyo mtu yeyote angefanya jengo likiwaka, na pampu ikanyamaza. Laini ya pampu ichukuliwe kabla ya mein swichi, iwe na swichi yake yenye maandishi mekundu ya kukataza kuizima.

King'ora hukwama kwa jambo dogo. Kwenye paneli kuna betri mbili za volti 12. Zikichoka taa ya njano huwaka na mlio hausiti. Mlinzi akichoshwa na mlio anaziba spika kwa gundi ya karatasi. Fungua uangalie, na betri badilisha zote mbili kwa pamoja.

Cheti cha zimamoto hudumu mwaka mmoja. Namba ya zimamoto, 114, iandikwe kibandani kwa mlinzi, herufi kubwa, pamoja na jina la mtaa na jengo lililo jirani. Anayepiga simu usiku huulizwa yuko wapi, na "hapa Kariakoo" haimfikishi dereva wa gari la zimamoto popote.