Kulea vifaranga: taa ya joto au jiko la mkaa?

Kifaranga aliyetoka kuanguliwa hawezi kujitunzia joto, hivyo katika wiki ya kwanza anahitaji nyuzi joto 32 hadi 35 za Selsiasi, zikipunguzwa takriban 3 kila wiki. Taa hurekebishwa kwa urahisi: vifaranga wakirundikana chini yake ishushwe, wakikimbilia pembeni huku wakihema ipandishwe, ila ifungwe kwa mnyororo imara, kwani ikiangukia maranda huwasha moto. Jiko la mkaa hufaa pasipo umeme, lakini hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayoweza kuua vifaranga na hata mlezi wao, kwa hiyo banda lazima lipitishe hewa usiku kucha. Penye umeme wa uhakika, nachagua taa bila kusita.