Altrasaundi ya ini la mama, hapa wanajua kazi

Mama yangu anaishi Longido, alikuwa na UTI tu, wakampiga altrasaundi hospitali moja ndo wakaona uvimbe wenye maji kwenye ini, karibu sentimita 6. Ini halimuumi hata kidogo. Ripoti yenyewe mstari mmoja, "uvimbe kwenye ini", basi, halafu tukaambiwa arudi Jumatatu wamchome sindano wanyonye maji. Usiku ule sikulala jamani.

Ndo nikamleta hapa Arusha. Foleni ni ndefu, tumefika saa mbili tukaingia saa sita, hilo warekebishe. Ila daktari alishika mashine mwenyewe, "shikamoo yeyo (ndo mama kwa Kimaasai), lalia ubavu wa kushoto, vuta pumzi, izuie hapohapo", akaigeuza skrini mama naye aone. Mle ndani hakukuwa na weusi mtupu wa maji, kulikuwa na mistari imejikunjakunja kama donge la uzi wa kufumia sweta. Akauliza, yeyo, bomani mna mbwa? Wapo wanne, na mbuzi akichinjwa ini lenye malengelenge wanatupiwa wao.

Akatueleza taratibu kabisa, uvimbe wa maji wa kawaida watu wengi wanao kwenye ini na hawajui, huo unaonekana mweusi mtupu na ukuta mwembamba, mtu anaachwa nao. Wa mama ni wa minyoo ya mbwa, mbwa anaipata akila ini lenye malengelenge kama yale, mayai yanatoka na kinyesi cha mbwa mtu anayameza kwa mikono au maji, unakua polepole miaka na miaka. Una madaraja, CE1 mpaka CE5, wa mama ni CE4, yaani umeshalala. Uvimbe ulio hai ndo unapewa albendazole, dawa ya minyoo, mwingine unanyonywa kwa utaratibu maalum au unafanyiwa upasuaji. Ukichoma kiholela maji yakavujia tumboni mtu anaweza kupata mzio wa kuua papo hapo, na vimelea vikasambaa!! Na sisi Jumatatu tulikuwa tunaenda kuchomwa.

Mama hajapewa kidonge hata kimoja, ni altrasaundi kila baada ya miezi 6 kuangalia kama umeamka. Ripoti ina kurasa mbili, vipimo, daraja na picha, na daktari akaandika kwa kalamu nyekundu juu kabisa USICHOME SINDANO. Elfu arobaini yangu imeenda kihalali, nyota tano.

Mwezi wa tisa tunarudi. Mbwa wameshapewa dawa ya minyoo wote wanne, na ini bovu siku hizi mama anasimamia mwenyewe lifukiwe.