Fundi wa draiva za Windows 7 kwenye bodi mpya, Mtwara mjini: kazi yake nimeikubali

Wenye stesheneri na mnaokata stika za bodaboda na bajaji hii inawahusu. Mimi nina plota ya kukatia stika, ya siku nyingi lakini nzima kabisa, shida yake ni moja tu, programu yake na draiva yake (kile kiprogramu kinachoiwezesha kompyuta kukitambua kifaa) ni za Windows 7 ya biti 32, ukiichomeka kwenye Windows 10 ya biti 64 hata haionekani. Sasa kompyuta iliyokuwa inaiendesha ikaungua na umeme, nikaagiza nyingine Dar, mtumba wa Core i5 ya jenereshini ya 8, inawaka fasta haina shida, ila kupiga Windows 7 humo ndani ndio kasheshe. Fundi niliyeanza naye akachukua hela, akakaa na mashine, mwisho ananiambia haiwezekani kanunue plota mpya. Plota mpya kwa hela gani na msimu wa korosho bado?

Nikaelekezwa kwa huyu kijana wa Chikongola, mitaa ya sokoni, kibanda kidogo kimejaa makasha ya kompyuta mpaka mlangoni. Kilichonifanya niandike hapa ni kwamba kabla hajagusa hela yangu alifungua mashine, akasoma namba ya bodi (ile saketi kuu ya kompyuta, motherboard), akaniambia kipi draiva yake ipo na kipi haipo. "Dada, sauti na netiweki utapata, USB nitaipigania, lakini picha ya humu ndani usiihesabu, Intel waliotengeneza prosesa yake hawajaitolea draiva ya Windows 7, itabidi tuweke grafiksi kadi ya pembeni." Hivyo tu. Bei akataja hapohapo, elfu 40 ya ufundi na kadi nitafute mwenyewe au aniuzie yake.

Niliomba kukaa niangalie, hakukataa, na anaeleza huku anafanya. Windows 7 imetoka 2009, haina draiva ya USB 3 ndani yake, na bodi za Intel kuanzia jenereshini ya 6 ya mwaka 2015 wameondoa ule mfumo wa zamani wa USB ambao Windows 7 inaujua, kwa hiyo ukiwasha flashi ya kupigia windo unafika ukurasa wa kuchagua lugha halafu mausi haisogei, kibodi haibonyezeki, umekaa unatazamana na skrini. Yeye draiva ya USB anaiingiza ndani ya flashi kabla, na pembeni ana kibodi ya zamani ya ile pini ya duara, PS/2, maana bodi nyingi bado zina tundu lake na hiyo inafanya kazi bila kuomba draiva yoyote. Halafu akaingia bayosi (mipangilio ya bodi yenyewe kabla Windows haijawaka) akawasha CSM, ile ya kuiruhusu bodi iwake kwa mtindo wa zamani, bila hiyo Windows 7 ya biti 32 haiwaki kabisa kwenye bodi za sasa. SSD, yaani diski ya kuhifadhia, akaniwekea ya SATA ya kawaida, ile ya NVMe ya kisasa yenye kasi zaidi akairudisha kwenye boksi, akasema inawezekana kuilazimisha kwa viraka vya Microsoft ila kwa mashine ya kazi haoni haja. Nilikubaliana naye.

Kwenye kadi ndio nilijua huyu mtu anajua. Kaweka grafiksi kadi ya NVIDIA, GT 710, watu wengi wangekimbilia draiva ya karibuni kabisa, yeye akachukua toleo la 391.35 la mwaka 2018 kwa sababu NVIDIA baada ya hapo waliacha kutengeneza za biti 32. Ikashika mara moja, skrini ikafunguka safi, maandishi yakanyooka. Netiweki ilikuwa na alama ya njano, akafungua pale kwenye Device Manager akanionyesha namba za kifaa, VEN_10EC, akasema 10EC ni kampuni ya Realtek na Realtek hawasumbui, akatoa kwenye diski yake. Ana Snappy Driver Installer Origin nzima kwenye hadi disiki, ni programu ya bure yenye mkusanyiko wa draiva, ni magigabaiti mengi lakini ukishakuwa nayo hauli bando la mtu, na kwa mashine ambayo haina hata draiva ya netiweki hiyo ndiyo njia. Zile programu za kudownload draiva zinazokutaka ulipie hazitumii, na alinikuta nazo kwenye flashi akazifuta.

Plota ikaonekana, nikakata stika ya majaribio palepale, mistari imetulia.

Mapungufu yapo. Hana risiti, andika mwenyewe kwenye karatasi mpige picha wote. Simu hapokei akiwa kazini. Umeme ukikatika anasubiri tu, hana UPS (betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika), na hili kwa mtu anayepiga windo naliona ni hatari, anunue jamani. Na kuanzia mwezi wa 10 korosho zikianza mnada usimwendee na haraka, watu wanaleta printa na kompyuta za ofisi mpaka kutoka Masasi na Newala, utapanga foleni.

Kitu kingine alinisisitizia na mimi nakisisitiza, mashine yangu haiingii intaneti. Microsoft waliacha kuitunza Windows 7 tangu tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo michoro naitengenezea kwenye laptop nahamisha kwa flashi ambayo nimeiskani kwanza.

Mkienda bebeni CD ya kifaa chenu kama bado ipo, hata ikiwa na mikwaruzo, yeye alitoa draiva ya plota kwenye CD yangu ambayo nilikuwa nimeshaiona takataka, na akanibakizia kopi kwenye flashi. Jumapili hafungui.