Polishi na waksi za gari: kipi ununue kwanza, kipi kingoje

Ukiingia duka la vipuri, iwe mjini Unguja au Chake Chake, chupa zote zinaahidi jambo moja: gari itang'aa. Basi mtu hubeba kompaundi, dawa kali ya kukata mikwaruzo, kwa kuwa ndiyo inayoonesha matokeo haraka, akaisugua juu ya chumvi na vumbi, na wiki ya pili kila jua likiipiga boneti inaonekana mikwaruzo ya mviringo kama utando wa buibui. Kompaundi haikuwa mbovu. Ilitangulizwa tu.

Mpangilio wa kupaka haubadiliki: osha, ng'oa uchafu ulionasa, kata mikwaruzo kwa kompaundi, lainisha kwa polishi, futa mafuta ya polishi, paka silanti (kinga ya kiwandani), kisha nta, yaani waksi, juu yake. Ukitanguliza nta, silanti haishiki, kwani yenyewe inataka kugusa rangi tupu na nta ni mafuta. Ukipiga polishi baada ya nta, umeifuta nta uliyoilipia.

Mpangilio wa kununua ni mwingine. Gari nyingi hapa hulala nje, hupigwa upepo wa bahari mwaka mzima, na huoshwa kwa maji yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe. Kwa gari ya namna hiyo tunapanga hivi.

Nafasi ya kwanza: shampuu ya gari na vitambaa vya maikrofaiba. Si sabuni ya vyombo, ambayo hukata mafuta na kuondoka na nta. Tafuta isiyo na asidi wala magadi. Kwa kawaida mililita 30 kwenye ndoo ya lita 10 zinatosha, ila fuata kipimo cha kwenye chupa. Weka ndoo ya pili ya maji matupu ya kusuuzia sponji. Vitambaa vinne ni vichache, nunua sita, na kilichoanguka chini kisirudi kwenye rangi. Fulana kuukuu iache ifutie rimu. Mwaga maji mengi kabla ya kugusa gari, maana chumvi iliyokauka ina chembe zinazokwaruza ukiifuta kavu, na mchanga wa Paje au Nungwi ni hivyo hivyo. Maji ya kisima yakikaukia juu ya rangi huacha madoa meupe ya chokaa. Madoa mapya hutoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ukipaka kwa dakika moja na kusuuza. Ya miezi hayatoki bila polishi. Mwenye tangi la maji ya mvua asuuzie hayo mwisho.

Nafasi ya pili: silanti. Hii ni kinga ya kutengenezwa kiwandani, na kwa visiwa vyetu tunaiweka mbele ya nta bila kusita. Inahimili joto na chumvi zaidi, na hata ile inayojinadi kwa miezi sita ukipata mitatu au minne juani si haba. Soft99 Fusso Coat ya Japani, ambayo kopo lake linataja miezi 12, ni mfano wa kundi hili. Ipo ya gari za rangi nyeupe na ya gari za rangi nyeusi, usichanganye. Gari ndogo haihitaji zaidi ya mililita 15 hadi 20 za silanti ya maji. Ikikuwia vigumu kuifuta, ulipaka nene. Paka kivulini, bodi ikiwa ya baridi, saa 12 hadi saa 3 asubuhi, halafu isiguse maji kwa saa 12, na siku ya unyevu mwingi ngoja saa 24. Majira mazuri ni baada ya masika, na mara nyingine Disemba vuli ikiisha. Kujua kama bado ipo, mwagia maji: yakijikusanya matone ipo, yakilala bapa imekwisha.

Tusidanganyane hapa. Silanti wala nta haizuii kutu iliyokwisha kuingia. Chumvi huanzia pale kokoto ilipotoboa rangi, kwenye ukingo wa boneti na chini ya milango, ikala bati huku rangi ya juu ingali nzima. Tundu la namna hiyo litiwe rangi ya kugusia kwanza.

Nafasi ya tatu: udongo wa kusafishia rangi. Gari ikishaoshwa, vaa mkononi karatasi laini ya plastiki iliyofunga mkate (mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar, usihangaike kuitafuta) upapase boneti kwa ncha za vidole. Ukihisi chenga chenga, shampuu haitaziondoa. Kata gramu 50 za udongo, ukande uwe bapa, nyunyiza maji yenye shampuu kijiko kimoja cha chai kwa lita, na uuteleze bila kukandamiza. Ukikauka unakwaruza. Ukianguka chini utupe, hata kama ni mpya. Kazi hii mara mbili kwa mwaka inatosha, na lazima ifuatwe na silanti, kwani udongo huondoa kinga iliyokuwepo.

Nafasi ya nne: polishi laini. Huondoa ukungu wa rangi na mikwaruzo midogo, na kwa mtu mwenye mkono na sponji tu, bila mashine, hii inatosha. Ukimaliza futa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa, kwa sababu mafuta ya polishi huficha mikwaruzo na kuizuia silanti isishike.

Gari ya biashara inayooshwa kila jioni haina muda wa yote haya. Kwake nunua waksi yenye polishi ndani, chupa moja. Haiwi bora kwa lolote, lakini inayopakwa kila mwezi ina faida kuliko seti kamili iliyokaa kabatini.

Nafasi ya tano: nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi wa kaskazini mashariki mwa Brazil. Inapendeza mno kwenye nyeusi na nyekundu. Yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi, lakini ndani ya kopo imechanganywa na mafuta na nta laini, na mchanganyiko huo hauvumilii boneti nyeusi iliyoegeshwa juani. Ihesabu kwa mwezi mmoja. Ni ya harusi na Idi, juu ya silanti iliyokauka.

Nafasi ya mwisho: kompaundi. Klia ya kiwandani, tabaka angavu linalofunika rangi, ina unene wa maikroni (elfu za milimita) 40 hadi 50 hivi, na kila ukataji huondoa kadhaa zisizorudi. Pitisha ukucha: ukinasa kwenye mkwaruzo, kompaundi haitaufikia salama. Kama ni lazima, tumia mashine inayotikisika huku ikizunguka, si ile ya kuzunguka tu, ambayo huunguza kingo na kuacha alama za mawimbi. Sponji ya inchi 5, matone manne ya ukubwa wa punje ya choroko, eneo la sentimita 50 kwa 50, mwendo wa mashine namba 4 au 5, mizunguko minne hadi sita. Bandika gamu ya karatasi kwenye kingo na plastiki nyeusi, maana kompaundi ikikaukia pale huacha weupe sugu. Gari nyeupe za zamani mara nyingine hazina klia: sugua polishi kidogo mahali pa siri, kitambaa kikitoka cheupe, unakata rangi yenyewe. Na klia iliyokwisha kubanduka vipande haina dawa ya chupa, hiyo ni kazi ya fundi rangi.

Mchanganyiko wa mafuta ya taa unaotiwa ili gari ing'ae ukataze unapopeleka gari kuoshwa. Mng'ao wake ni wa siku mbili, vumbi hung'ang'ania, na mipira ya milango huvimba.

Dukani, usichukue chupa iliyopangwa dirishani kwenye jua. Itikise: ikiwa chini kuna donge lisilochanganyika, imeharibika kabla hujailipia.