Kozi ya saa 40 ya kusafisha taka hatarishi mjini Louisville: mafunzo mazuri, lugha bado ni kikwazo

Ndugu kadhaa wanaozungumza Kiswahili hapa Louisville, katika jimbo la Kentucky, wameniuliza kama kozi ya saa 40 ya usalama kwa wafanyakazi wa kusafisha taka hatarishi, maarufu kwa jina la HAZWOPER, inastahili ada yake ya dola mia kadhaa. Naandika tathmini hii kwa ajili yao, na kwa yeyote aliyeko mji mwingine wa Marekani anayefikiria kuingia katika kazi hiyo. Jibu langu ni kwamba inastahili kabisa, mradi uisome darasani na uwanjani pamoja na mkufunzi. Kituo nilichosoma sitakitaja kwa jina, kwa kuwa nina lawama moja nzito juu yake, na lawama hiyo ningeweza kuielekeza kwa vituo vingine pia.

Saa 40 si idadi iliyobuniwa na wauzaji wa kozi. Zimo katika kifungu 1910.120 cha kanuni za OSHA, idara ya serikali kuu inayosimamia usalama kazini, kilichochapishwa mwaka 1989 na kuanza kutumika mwaka 1990. Kifungu hicho kinamtaka mfanyakazi wa kawaida wa eneo lililochafuliwa apate saa 40 za mafunzo kabla ya kuingia, kisha siku 3 za kazi halisi chini ya msimamizi mwenye uzoefu. Anayeingia mara chache kwa kazi maalumu hutakiwa saa 24 na siku 1. Mkufunzi wetu aliyaunganisha yote hayo na historia ya hapa hapa tulipo. Kusini mwa Louisville, katika kaunti ya Bullitt, ndiko lilikokuwa jaa lililoitwa Valley of the Drums, ambako wakaguzi wa serikali walikuta mwaka 1979 zaidi ya mapipa 17,000, mengine yakiwa matupu na mengine yakivuja kemikali kuelekea kwenye kijito. Jaa hilo, pamoja na mkasa wa Love Canal, mtaa uliojengwa juu ya taka za kemikali katika jimbo la New York, ndivyo vilivyolisukuma Bunge la Marekani kupitisha mwaka 1980 sheria ya kusafisha maeneo yenye taka hatarishi, inayojulikana kama Superfund. Mtu anayejua kwamba mambo haya yalitokea jirani na nyumbani kwake huacha kuyaona masomo haya kama utaratibu wa makaratasi.

Sehemu iliyonishawishi zaidi ni ile ya hewa. Tulifundishwa kupima kwa mpangilio: oksijeni kwanza, kisha gesi zinazowaka, kisha zenye sumu. Sababu ilielezwa vizuri, kwamba vifaa vingi vya kupimia gesi zinazowaka huhitaji oksijeni ya kutosha ili visome sawasawa, hivyo anayeruka hatua ya kwanza anaweza kudanganywa na ya pili. Hewa ya kawaida ina oksijeni takriban asilimia 20.9, na ikishuka chini ya asilimia 19.5 huhesabiwa kuwa imepungukiwa. Barakoa ya kichujio haiwezi kukusaidia mahali kama hapo, kwa sababu inachuja tu hewa iliyopo. Anayeingia humo anahitaji mtungi wa hewa mgongoni au hewa inayoletwa kwa mpira kutoka nje. Tuliambiwa pia habari ya haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo ikifika karibu na sehemu 100 katika milioni ya hewa huidhoofisha pua hata mtu akadhani gesi imekwisha, kumbe imezidi. Ninyi mliowahi kufanya kazi katika mashimo ya maji taka huko nyumbani mtaelewa uzito wa jambo hili.

Zoezi la kuvua suti lilichukua muda mrefu, na lilistahili muda huo. Mkufunzi alitupaka unga usioonekana kwa macho ambao hung'aa chini ya taa ya urujuanimno, akatupitisha kutoka eneo la hatari hadi eneo la kujisafishia: buti na glovu za nje kwanza, kisha suti inayoviringishwa kutoka juu kwenda chini ili upande mchafu ubaki ndani, kisha barakoa, na glovu za ndani mwisho. Taa ilipowashwa, unga ulionekana shingoni na kwenye vifundo vya mikono vya watu wengi, pale pale suti inapokutana na glovu. Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini alikuwa ametusisitizia tukunje ncha ya utepe wa gundi tunapofunga mikono ya suti: mwenye glovu nene asipopata ncha ya kushika ataanza kuuvuta na kuuchana utepe, na kila anapouchana anajipaka. Vumbi la madini ya risasi likibaki kwenye nguo linafika nyumbani, na kwa risasi mtoto huumia kuliko mtu mzima. Wasomaji wa Mombasa hawahitaji kuelezwa zaidi, maana mtaa wao wa Owino Uhuru ulipata sumu hiyo kutoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Upimaji wa barakoa ulifanywa kwa uangalifu pia, isipokuwa kwamba wenye ndevu waliambiwa wanyoe, basi. Ni kweli kwamba barakoa inayobana uso haizibi sawasawa juu ya ndevu. Lakini kwa baadhi ya kazi upo mfano wa kofia pana inayopuliziwa hewa iliyochujwa kwa feni, ambayo haitegemei kubana uso, ingawa haifai pale penye hatari ya kifo cha ghafla au upungufu wa oksijeni. Muislamu anayefuga ndevu kwa ajili ya dini yake alistahili kuelezwa hivyo ili akazungumze na mwajiri wake.

Sasa lugha. Kila kitu, pamoja na mtihani wa mwisho, kilikuwa kwa Kiingereza cha haraka. Ndugu mmoja kutoka Kongo, mtu mwenye bidii na mikono hodari, alifuata mazoezi ya vitendo bila shida, lakini maelezo ya vichujio na viwango vya sumu yalimpita. Nilimtafsiria wakati wa mapumziko, na nilipouliza kama kuna mkalimani nikajibiwa kwamba kila mshiriki ajitegemee. Jibu hilo linaumiza, na linapingana na msimamo wa OSHA wenyewe, uliotolewa mwaka 2010, kwamba mwajiri anapaswa kumfundisha mfanyakazi kwa lugha na maneno anayoyaelewa. Mafuta yalipomwagika katika Ghuba ya Mexico mwaka huo huo, mafunzo ya wasafishaji yalitolewa kwa Kihispania na Kivietinamu pia. Kiswahili nacho kinaweza kuombwa. Ukitumwa na mwajiri, mwombe mkalimani kabla ya siku ya kwanza, kwa maandishi.

Wapo wanaouza saa zote 40 kwenye intaneti kwa bei nafuu zaidi. Nadharia unaweza kuisoma hivyo, lakini OSHA imeshaeleza kwamba kompyuta peke yake haitoshi: mfanyakazi lazima avae na kuvua vifaa vyenyewe, na awe na mkufunzi wa kumuuliza maswali. Kabla ya kulipa, uliza kama kuna siku ya vitendo na nani anaisimamia. Mtu akikuahidi kadi iliyotolewa na OSHA kwa kozi hii, mkwepe, kwa sababu idara hiyo haitoi kadi ya namna hiyo. Cheti hutiwa saini na mkufunzi au mwajiri.

Mwenye kipato kidogo na aulizie kwanza vyama vya wafanyakazi na vyuo vinavyofadhiliwa na taasisi ya serikali ya Marekani ya afya na mazingira iitwayo NIEHS, kwa kuwa mpango huo, uliotokana na sheria ya mwaka 1986, hugharimia mafunzo haya haya bila malipo kwa mshiriki. Ukishaajiriwa, na ukawa unavaa kifaa cha kupumulia siku 30 au zaidi kwa mwaka, uchunguzi wa afya ni juu ya mwajiri wala hutakiwi kutoa senti. Kuna pia mafunzo rejea ya saa 8 kila mwaka. Yangu nitayafanya katika kituo hicho hicho kwa ajili ya mkufunzi yule, na nimekwisha kuwaandikia kuomba mtihani utafsiriwe kwa Kiswahili; majibu bado sijayapata.